Mtoto Mgeni Katika Miji ya Visiwa vya Lamu

Miji ya visiwa vya Lamu ilijengwa, ikavunjika na kujengwa tena na watu waliotoka mahali pengine. Katika kisiwa cha Lamu ipo Amu yenyewe, yaani mji wa Lamu, na Shela, Matondoni na Kipungani. Kisiwa cha Pate kina Pate, Siyu, Faza, Tchundwa, Mbwajumwali na Kizingitini, na kisiwa cha Manda kina magofu ya Takwa na ya mji wa Manda. Kila mji una masimulizi ya jamaa walioshuka chomboni na mizigo yao na watoto wao. Wengine walihamishwa na visima vilivyoingia chumvi, wengine na vita, wengine na biashara iliyogeuza njia, na wengine walifuata ndoa au elimu. Vitabu vya historia vimeandika mengi juu ya masultani, misikiti na milango ya kuchonga. Habari za watoto waliofika na wazazi hao zimetawanyika, lakini zikikusanywa zinaeleza jambo kubwa: jinsi jamii hizi zilivyomgeuza mtoto mgeni kuwa mwana wa mji, na ni watoto gani walioachwa mlangoni.

Amu yenyewe, kwa masimulizi ya wenyeji, ni zao la makazi mawili, Weyuni upande wa kaskazini na Hidabu upande wa kusini, yaliyopigana kwanza na kisha yakaungana. Shela ina asili iliyo wazi zaidi. Mji wa Takwa, uliositawi tangu karne ya 15, uliachwa na watu wake mwishoni mwa karne ya 17, na wengi wao walivuka mkono wa bahari wakakaa Shela, ng'ambo tu ya pale walipotoka. Uhusiano haukukatika. Watu wa Shela waliendelea kurudi Takwa kuzuru kaburi lenye nguzo na kuomba mvua, na desturi hiyo imeishi kwa vizazi vingi. Mtoto aliyezaliwa Shela alikua akijua kwamba ana mji wa pili, mji usio na watu, na kwamba wazee wake wamelala huko. Njia hiyo ya kuhama bila kukana kule mtu alikotoka inaonekana tena na tena katika visiwa hivi, na ni moja ya sababu zilizofanya kuhama kusiwe msiba mtupu kwa watoto.

Karne ya 19 ilileta mwendo mkubwa zaidi. Baada ya vita vya Shela, vilivyopiganwa mnamo 1812, ambamo Waamu waliwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa, Amu iliomba ulinzi wa Oman. Ngome ilikamilishwa mnamo 1821, biashara ikaongezeka, na watu wakaanza kumiminika. Pate ilizidi kudhoofika. Siyu, mji wa wanachuoni na mafundi wa ngozi na chuma, ilishikilia uhuru wake chini ya Bwana Mataka na wanawe hadi Sultan Majid wa Zanzibar alipoishinda mnamo 1863. Jamaa nyingi za Pate na Siyu zilihamia Amu katika miaka hiyo. Mmoja wa waliohama ndiye mshairi mashuhuri zaidi wa visiwa hivi, Mwana Kupona binti Mshamu. Alizaliwa Pate, akaolewa Siyu na Bwana Mataka, na baada ya kifo cha mumewe akaishia Amu. Utenzi wake wa mwaka 1858 aliutunga kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Kwa kawaida unasomwa kama mafunzo ya wajibu wa mke kwa mumewe, lakini ndani yake mna pia mafunzo ya adabu mbele za watu, namna ya kusema na namna ya kukaa na wakubwa na wadogo. Mama aliyeishi katika miji mitatu, na ambaye kila mji wake ulikuwa na wakuu na masharti yake, alijua vyema kwamba binti asiye na mali wala ulinzi wa baba huingia mahali kwa adabu yake.

Kwa mtoto wa kiume na hata wa kike, mahali pa kwanza pa kuingia palikuwa chuoni. Chuo cha Kurani kilikuwa karibu na kila nyumba: katika chumba cha mwalimu, barazani, au pembeni mwa msikiti. Mtoto alipelekwa akiwa na umri wa miaka mitano au sita. Alipewa ubao, kalamu ya mwanzi na wino uliotengenezwa nyumbani, akaanza na herufi, kisha sura fupi za mwisho wa Msahafu, akipanda hadi kuhitimu. Mzazi alimkabidhi mwalimu mtoto wake kwa maneno mazito ya kumpa mamlaka ya kumlea na kumwadhibu. Ada ililipwa kwa vitu vidogo vidogo, hasa siku ya Alhamisi, na Ijumaa ilikuwa siku ya mapumziko. Watoto wa umri mbalimbali walikaa kwenye jamvi moja, na wakubwa waliwasomesha wadogo.

Mpango huo ulimfaa sana mtoto aliyehama. Herufi zilizofundishwa Faza ndizo zilizofundishwa Amu. Sura aliyoachia Siyu aliendelea nayo Langoni, mtaa wa Amu. Hapakuwa na darasa lililokwisha kumtangulia wala mtihani wa kuingia. Mtoto aliyefika katikati ya mwaka alikalishwa mahali panapolingana na kiwango chake, akapewa mkubwa wa kumsikiliza, na kufikia Ijumaa ya kwanza alikuwa tayari ana wenzake wa kwenda nao pwani. Tofauti za lafudhi zilikuwepo, na watoto hawakukosa kutaniana kwa ajili hiyo: Kiamu si Kipate, na Kitikuu cha Wabajuni, watu wa visiwa na pwani ya kaskazini, kina matamshi yake. Lakini kisomo kilikuwa kimoja, na mtoto mgeni mwenye sauti nzuri ya kusoma aliheshimiwa siku hiyo hiyo.

Ila ukarimu huo ulikuwa na mipaka, na ni lazima isemwe wazi. Amu ya karne ya 19 ilikuwa mji wa matabaka. Waungwana wa Mkomani, upande wa kaskazini wenye majumba ya mawe, walijihesabu kuwa ndio wenye mji. Langoni, upande wa kusini, palikaliwa na waliokuja: Wahadhrami wa biashara ndogo, Wangazija, Wabajuni, na watu waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa. Nyumba zao zilikuwa za udongo na makuti. Elimu ya juu ya dini, yaani fiqhi, sarufi ya Kiarabu na tafsiri, ilikuwa mali ya nyumba chache. Mtoto wa mtumwa alifundishwa kiasi cha kusalia, na mara nyingi hata hicho kilikuwa hisani ya bwana wake. Kwa hiyo mtoto aliyehamia kwa ndoa ya shangazi yake Mkomani na mtoto aliyeletwa kwa nguvu kutoka bara walifika mji mmoja lakini hawakupokewa na mji mmoja. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku mwaka 1873, na hali ya utumwa yenyewe ilikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Baada ya hapo maelfu ya watu katika pwani nzima walitoka mashambani kutafuta maisha mijini, na watoto wao walikuwa wageni hata katika nchi waliyozaliwa.

Aliyebadili mambo alikuwa mgeni mwenyewe. Swaleh bin Alawi Jamalilail, anayejulikana kwa heshima kama Habib Swaleh, alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19 na akafika Amu akiwa kijana. Alikuwa sharifu, wa ukoo wa Mtume, lakini hakuwa na nyumba Mkomani wala shamba bara. Alijifunza kwa wanachuoni wa mji, kisha akafanya jambo ambalo wengi wa wakubwa wa mji hawakulipenda: alikwenda kukaa Langoni, akawafundisha watu wa nyumba za makuti na watoto wao, akiwatibu wagonjwa pia. Mwishoni mwa karne hiyo na mwanzoni mwa karne ya 20 ulisimama msikiti wa Riyadha na chuo chake, kwa kufuata mfano wa kazi ya mwalimu aliyemheshimu sana, Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut.

Riyadha ilileta mambo mawili ambayo kwa historia ya watoto wageni yana uzito kuliko jengo lenyewe. La kwanza ni bweni. Kabla yake mwanafunzi kutoka mbali alitegemea kupata jamaa au mfadhili wa kumweka. Asiye na jamaa hakuwa na njia. Riyadha ilipokea vijana kutoka visiwani, kutoka bara na hatimaye kutoka Afrika Mashariki nzima, ikawapa mahali pa kulala na chakula pamoja na masomo. Kijana aliyetoka Uganda au Tanganyika hakuhitaji tena kuwa na shangazi Amu. La pili ni maulidi. Habib Swaleh alileta maulidi yaliyotungwa na al-Habshi, yakisomwa kwa sauti za pamoja na kupigwa matari. Baadhi ya wanachuoni waliona matari ndani ya msikiti kuwa ni uzushi, na mabishano yalidumu miaka mingi. Lakini maulidi yalimpa kila mtoto kazi. Asiyejua kusoma aliweza kuitikia. Aliyeweza kuitikia alifundishwa kupiga. Aliyeweza kupiga alisimama safuni siku ya sherehe akiwa amevaa kanzu nyeupe mbele ya mji mzima, awe mtoto wa nani. Ukoo ulibaki kuwa ukoo, na ndoa ziliendelea kuangalia nasaba, lakini katika safu ile ya matari palikuwa na nafasi ambamo hukuulizwa baba yako alikuwa nani. Hilo ni tendo kubwa kuliko hotuba yoyote ya usawa iliyowahi kutolewa katika mji huo. Habib Swaleh alifariki katikati ya miaka ya 1930, na Riyadha imebaki mikononi mwa kizazi chake. Maulidi ya Amu, yanayofikia kilele chake katika wiki ya mwisho ya Mfungo Sita, yanawavuta wageni kutoka pwani nzima na ng'ambo ya bahari.

Nje ya chuo, mtoto mgeni alijifunza mji kwa kazi na kwa mchezo, na mara nyingi hayo mawili hayakutengana. Alasiri baada ya masomo mvulana alikaa karibu na fundi. Matondoni na miji ya Pate ilikuwa na mafundi wa vyombo. Amu ilikuwa na wachongaji wa milango, viti na vitanda. Siyu ilikuwa na washona makubadhi. Uanafunzi ulianza bila mkataba: kuokota vipande, kuchota maji, kushika ubao usitikisike, kisha siku moja kukabidhiwa patasi. Kazi ya kutoboa na kudarizi kofia ilifanywa na wanaume na wavulana wakiwa wamekaa madakani na pwani wakizungumza, kwa hiyo aliyekuwa akishona alikuwa akijifunza pia majina ya watu, nasaba, habari za bei na za bahari. Muhamadi Kijuma, aliyezaliwa Amu katikati ya karne ya 19 na kuishi hadi miaka ya 1940, ni mfano wa jinsi fani hizi zilivyofungamana: alikuwa mchongaji, mwandishi wa hati nzuri, mshairi, mpigaji na mtunzi wa nyimbo za ngoma kwa wakati mmoja. Katika mji wa namna hiyo mtoto mwenye kipaji chochote alikuwa na mtu wa kumfuata.

Bahari nayo ilikuwa na shule yake. Watoto walitengeneza vyombo vidogo vya kuchezea vyenye tanga la kitambaa na kuvishindanisha maji yanapojaa. Waliruka kutoka gatini. Walijifunza kusoma mwezi na maji kabla ya kusoma saa. Kwa aliyetoka bara asiyejua kuogelea, huo ndio uliokuwa mtihani mgumu wa ugeni, na aliyeupita alihesabiwa mwenzao. Punda walikuwa njia nyingine. Amu haikuwa na magari, mizigo yote ya mawe, chokaa na maji ilibebwa na punda, na mvulana asiye na jamaa wala ufundi aliweza kupata riziki na urafiki nyuma ya punda. Ajira hiyo ilikuwa ngumu na mara nyingi ilimtoa mtoto masomoni, jambo ambalo wazee wanaoisifu husahau kulitaja.

Wasichana walikuwa na ulimwengu wao. Walisoma chuoni wakiwa wadogo, kisha walipokaribia kuvunja ungo walikaa ndani. Majumba ya mawe ya Amu yaliunganishwa juu kwa juu kwa wikio, vyumba vilivyovuka uchochoro kutoka nyumba hadi nyumba, na wanawake waliweza kutembeleana bila kushuka njiani. Msichana mgeni aliingia mji kupitia huko: kwa kusuka ukili na mikeka pamoja na binamu na majirani, kupakana hina na kujifunza nyimbo za vugo na lelemama zinazopigwa arusini. Arusi moja ilimtambulisha kwa wanawake wengi kuliko mwaka mzima wa kukaa. Lakini nafasi hizo zilitegemea kuwa na nyumba ya kuingia. Binti wa familia maskini ya Langoni hakuwa na wikio la kupita, naye alitembea njiani na kufanya kazi mapema.

Mashindano ya mitaa yaliwaunganisha vijana kwa namna ambayo mgeni wa leo huenda asiitarajie. Amu iligawanyika tangu zamani katika pande mbili, Zena na Suudi, na baadaye ushindani mkubwa ukawa kati ya Mkomani na Langoni. Pande zilishindana kwa ngoma, kwa mashairi, kwa kirumbizi ambacho ni mchezo wa fimbo, na katika karne ya 20 kwa mpira wa miguu. Kila upande ulihitaji watu. Kijana aliyehamia mtaa fulani alihesabiwa upande huo mara moja, na upande wake ulikuwa na kila sababu ya kumfundisha nyimbo zake na kumtafutia fimbo. Uhasama ulizidi nyakati nyingine, na watawala wa kikoloni waliuogopa. Hata hivyo ushindani ulikuwa na faida moja ambayo utulivu haukuwa nayo: haukumwacha kijana bila upande.

Miongoni mwa Wabajuni kuhama kulikuwa sehemu ya mwaka wa kawaida. Jamaa nyingi zilikuwa na nyumba kisiwani na shamba bara, zikivuka msimu wa kulima mtama, ufuta na pamba, na kurudi baada ya mavuno. Wavuvi walifuata pepo, kusi na kaskazi, wakipiga kambi kisiwa hadi kisiwa. Watoto wao walizoea makazi mawili na marafiki wa makundi mawili, na mwalimu wa chuo mara nyingine alisafiri na kijiji. Utaratibu huo ulivunjwa na vita vya Shifta, uasi wa kutaka kujitenga kaskazini-mashariki mwa Kenya, vilivyoanza mwaka 1963 na kumalizika mwaka 1967. Vijiji vya bara na vya kaskazini, kama Rubu, Mvundeni na Ashuwei, vilikimbiwa. Watu walijaa Amu, Faza na Kizingitini, na wengine wakaendelea hadi Malindi na Mombasa. Safari hii hapakuwa na msimu wa kurudi. Mashamba yalimezwa na msitu, na hadi leo madai ya ardhi ya Wabajuni wa pwani ya kaskazini hayajamalizika.

Watoto wa mwaka 1964 walikuta Amu iliyobadilika. Shule ya serikali ilikuwa imeshika nafasi ya asubuhi, chuo kikasukumwa alfajiri au alasiri. Shule ilidai yale ambayo chuo hakikudai: umri, darasa, sare, karo, na lugha ya Kiingereza. Mtoto aliyepoteza mwaka mmoja kwa vita alirudishwa nyuma kukaa na wadogo zake, na wengi, hasa wa wavuvi, waliona aibu wakaacha. Hapo chuo na madrasa ziliokoa sehemu ya watoto hao. Mtoto aliyeshindwa kuingia darasani aliendelea kusoma Kurani, akaendelea kuwa na wenzake. Msaada wa jamaa ulikuwa mkubwa vilevile: nyumba za Langoni na za pembezoni mwa mji zilipokea watoto wa ndugu kwa miaka, bila karatasi wala malipo. Miaka ya 1991 na 1992, vita vya Somalia vilipowatoa Wabajuni wa Kismayu na visiwa vyake, njia hiyo hiyo ya udugu ilitumika tena kwa waliofika Lamu, ingawa wengi wao waliishi kambini Jomvu, Mombasa.

Mpeketoni, bara, ni historia ya aina nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Kenya ilianzisha mradi wa makazi kando ya ziwa lililokuja kuitwa Ziwa Kenyatta, ikagawa mashamba ya ekari 10 kwa familia zisizo na ardhi. Wengi walikuwa Wakikuyu kutoka mkoa wa Kati, na wamo waliorudi kutoka Tanzania. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilisaidia mradi huo tangu katikati ya muongo. Wahamiaji hawa walifika mahali ambapo hapakuwa na mji wa kuwapokea. Hapakuwa na shangazi, wala chuo, wala upande wa ngoma. Palikuwa na msitu, malaria na wanyama waharibifu. Walichofanya kwanza, baada ya kufyeka, ni kujenga shule na makanisa kwa harambee. Shule ilikuwa kituo cha kila kitu: mikutano, michezo, kwaya, na kugawa maji na habari. Watoto wa Mpeketoni walijifunza Kiswahili cha pwani sokoni, wakacheza mpira na watoto wa Hindi na Witu, miji mingine ya bara, na kizazi chao cha pili hakijui nyumbani kwingine. Uhusiano na wenyeji haukuwa mwepesi, kwa sababu wageni walipewa ardhi wakati wenyeji wengi wenyewe hawakuwa na hati za mashamba yao. Kinyongo hicho kilikuwa cha wazazi, na watoto walikirithi.

Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 wapiganaji waliivamia Mpeketoni, na katika siku mbili watu wapatao 60 waliuawa. Mashambulizi yalifuata Hindi na kwingineko. Familia zilihama usiku, nyingine zikarudi mikoa ya asili ambayo watoto hawakuwahi kuiona. Mwaka 2017 wakazi wa Pandanguo, wengi wao Waaweer, yaani Waboni, walikimbilia maeneo ya Witu. Mwanzoni mwa mwaka 2022, baada ya mauaji katika vijiji vya Widho na jirani zake, shule ya msingi ya Juhudi iligeuka kambi ya waliokimbia. Mahali ambapo watoto walipaswa kuanza muhula ndipo familia zilipolala.

Waliopata hasara kubwa zaidi ni watoto wa Kiaweer wa wadi ya Basuba, ndani ya msitu wa Boni. Jamii hiyo iliishi kwa kuwinda na kurina asali hadi uwindaji ulipopigwa marufuku Kenya nzima mwaka 1977, ikiwa tayari imekusanywa katika vijiji vya barabarani. Shule zao tano, Milimani, Basuba, Mangai, Mararani na Kiangwe, zilifungwa kwa sababu ya usalama baada ya mwaka 2014, walimu wakiwa wameondoka. Operesheni ya kijeshi ya Linda Boni ilianza mwaka 2015. Watoto walioweza kusafirishwa walipelekwa shule ya bweni ya Mokowe Arid Zone, karibu na gati la kuvukia Amu. Safari hiyo si ya kilomita tu. Mtoto aliyelelewa kwa Kiaweer, katika nyumba chache zilizozungukwa na msitu, alijikuta bwenini na mamia ya watoto wa Kiswahili, Kikuyu, Kimijikenda na Kisomali, bila mzazi wa kumtembelea kwa sababu barabara ilikuwa ya hatari.

Riyadha ilikuwa imetatua tatizo la namna hiyo zaidi ya miaka 100 nyuma, na tofauti inafaa kuangaliwa kwa makini. Bweni la Riyadha lilikuwa ndani ya mtaa. Mwanafunzi mgeni aliswali na watu wa Langoni, akaalikwa arusini na matangani kwao, akapewa zamu katika maulidi. Bweni la serikali limezungushiwa ua, na jioni inapofika mtoto hana mji wa kuutembea. Walimu wengi wa Mokowe wamefanya kazi ya kusifiwa katika mazingira magumu, lakini mwalimu hawezi peke yake kuwa mtaa.

Juhudi za kuwapa watoto wa visiwa shughuli za pamoja zimeongezeka tangu Mji Mkongwe wa Lamu uingizwe katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Ngome ya Lamu, iliyokuwa gereza hadi mwaka 1984, sasa ni makumbusho yenye maktaba. Maulidi na tamasha la utamaduni la kila mwaka huambatana na mashindano ya kuogelea, mbio za punda na za vyombo vya tanga, bao, hati za Kiarabu na kirumbizi. Kituo cha kutibu punda, kilichofunguliwa mwaka 1987, kimewafundisha vijana wa kazi hiyo namna ya kumtunza mnyama wao. Shughuli hizi zimejikusanya mno Amu. Kutoka Faza au Kizingitini hadi Amu ni safari ya boti, na mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, haupitiki maji yakiwa makavu. Kutoka Kiangwe ni mbali zaidi. Bandari mpya ya Kililana, iliyoanza kazi Mei 2021, inaleta familia nyingine kutoka kila pembe ya Kenya, nazo zinakaa Mokowe na Hindi, mahali pasipo na mitaa ya kale wala pande za kushindana.

Shule za Basuba zimefunguliwa tena kwa awamu, lakini kwa madarasa ya chini. Anayetaka kuendelea bado huhamia Mokowe akiwa na umri wa miaka kumi hivi. Kaunti ya Lamu na Wizara ya Elimu zingewafaa watoto hao zaidi kwa kuajiri walezi wa bweni wanaosema Kiaweer, na kwa kuzipa jamaa za Mokowe jukumu, lenye posho, la kumpokea kila mtoto wa msitu katika nyumba moja mwisho wa wiki.